Asiyesali anaweza kushika feza yetu?

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa kikundi chetu, Lubumbashi, siku ya kupiga kura juu ya kanuni za mufuko wa michango. Tunayaweka hapa namna yalivyosemwa.



Asante kwa kunipa neno. Waliniomba niseme kwa sababu nilisoma filozofia ku UNILU, na pia kwa sababu sina kazi, kwa hiyo nina muda wa kufikiri. Sababu zote mbili ni za kweli. Nitajaribu kutumia huo muda vizuri.

Munajua juu ya nini tuko hapa. Katika kikao kilichopita tulisoma kanuni za mufuko wetu, kifungu kwa kifungu. Vitatu vya kwanza vilipita bila shida. Cha ine kilisema hivi: mutunza feza awe mutu anayeogopa Mungu na anayejulikana mu kanisa yake. Wengi walipiga makofi. Kisha mwenzetu mumoja, ambaye tunatembea naye tangu siku ya kwanza tulipofagia mitaro ya Katuba, akainua mukono akauliza: "Na shiye bale hatusali? Tunatoka?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Wamoja walicheka kidogo, wengine waliangalia chini. Tukasema tutarudia. Basi leo njo siku ya kurudia.

Sitawaambia kama mimi nasali ao sisali. Najua wamoja wanangoja hilo tu. Lakini nikisema ndiyo, nusu ya nyumba itaniamini bila kunisikiliza. Nikisema hapana, nusu ingine itaacha kunisikiliza. Naomba tupime maneno yenyewe, tusipime mwenye kuyasema.

Tuanze na swali tunalolijua wote: "Unasali wapi?" Mwenye nyumba analiuliza mbele ya kukupa ufunguo. Mama ya muchumba analiuliza mbele ya kukupa kiti. Anayetafuta mulinzi wa duka analiuliza pia. Na siyo swali la ujinga. Mji wetu ulizaliwa 1910 juu ya shaba na reli, watu wakatoka pande zote kuja kutumika. Hapa hauwezi kujua baba ya kila mutu. Ukisikia fulani anasali ku Wametodiste, ao ku Wakatolike, ao ku kanisa ya uamusho ya pale ku kona, unajua kuna watu watakaojibu kwa ajili yake akikosea. Tena tuseme kweli: leta ilipoanguka, makanisa njo yalibaki yamesimama. 1974 leta ya Mobutu ilichukua masomo mu mikono ya makanisa. 1977 ikarudi kufanya mapatano nayo ili yaendelee kuyaongoza. Wengi kati yetu tulijifunza kusoma kwa bamupe, kwa masista, kwa Waprotestanti. Sitakuja hapa kutukana mukono ulionishika nikiwa mutoto.

Lakini ndani ya swali hilo kuna maswali mawili, na tunayachanganya. La kwanza: kanisa inasaidia watu kutenda mema? Jibu: ndiyo, mara mingi. La pili: mutu asiye na imani hawezi kuwa muzuri? Hilo ni swali lingine kabisa. Daktari anasaidia watu kupona. Hiyo haisemi kwamba asiyeenda kwa daktari hawezi kuwa na afya.

Na bandugu, hili swali la pili siyo jipya hapa kwetu. Lilibishaniwa mu mji huu huu mbele baba zetu hawajazaliwa.

1945, hapa Élisabethville, kulitoka kitabu cha mupe mumoja Mufransisko, Placide Tempels, aliyeishi kati ya Waluba. Kitabu kinaitwa La philosophie bantoue. Wazungu wengi wa wakati ule walisema bankambo wetu hawakuwa na sheria ya wema ndani yao, kwamba wema uliletwa na misioni pamoja na sabuni. Tempels aliandika kinyume: hawa watu walijua baya na zuri, walikuwa na sababu zao, na sababu zile zilisimama juu ya mawazo yenye mupango. Askofu wa Katanga, Jean-Félix de Hemptinne, hakufurahi hata kidogo na kile kitabu, akakipinga kwa nguvu.

Nisimudanganye mutu. Tempels hakusema bankambo waliishi bila Mungu. Aliandika kwamba walimujua. Kwa hiyo kitabu chake hakimalizi swali letu. Lakini kinatoa kizuizi kimoja: kinaonyesha kwamba wema ulikuwa hapa mbele ya ubatizo. Nkambo aliyegawa nyama ya windo na mujane wa jirani hakuwa na karatasi ya ubatizo, na ile nyama ilishibisha.

Miaka kenda nyuma ya kitabu, ubishi ulirudi mu masomo. Mpaka 1954, mutoto mweusi wa Kongo alisoma karibu kila mara kwa misioni. Mwaka ule waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, akaanza kufungua masomo ya leta, yasiyo ya dini, kwa watoto Wakongomani. Wakubwa wa misioni walilia: munatulelea vijana bila Mungu, watakuwa watu wa namna gani? Na 1956 chuo kikubwa cha leta kilifunguliwa hapa, wakati kule Lovanium, karibu na Kinshasa, kilikuwa cha Wakatolike. Kile chuo cha leta njo leo UNILU. Kimetoa madaktari, walimu, mainjinia, waamuzi, na pia wezi kadhaa, sawasawa na kile kingine. Hakuna aliyeweza kuangalia mutu barabarani akasema: huyu ni muzuri, basi alitoka kwa bamupe; huyu ni mubaya, basi alitoka kwa leta.

Sasa niingie ndani ya jambo lenyewe. Naomba tutenganishe vitu viwili: sababu ya wema, na nguvu ya kutenda wema.

Nitachukua mufano tunaouheshimu wote. Floribert Bwana Chui, wa Goma. Alisoma sheria kama wengine wenu. Alitumika ku OCC, ofisi inayopima bidhaa zinazoingia. 2007 walitaka apitishe chakula kilichoharibika. Walimupa feza, akakataa. Walimutisha, akakataa. Mu mwezi wa saba walimukamata na kumuua. Alikuwa na miaka 26. Bandugu, 26. Wengi hapa tuko karibu na umri ule. Alikuwa mutu wa sala, wa jumuiya ya Sant'Egidio, na tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa Katolike ilimutangaza mwenye heri.

Nguvu ya Floribert ilitoka wapi? Ilitoka ku imani yake. Mutu asiyekubali hilo hamuheshimu. Lakini niulize swali lingine: ile chakula ilikuwa mbaya juu ya nini? Ilikuwa mbaya kwa sababu watoto wangeikula na wangegonjwa. Sababu hiyo iko wazi kwa Mukristu, kwa Muislamu, kwa Mukimbangu, na kwa yule mwenzetu aliyeinua mukono. Haiitaji uende ku kanisa fulani ili uione. Hata bale walioleta feza waliijua. Kama hawangeijua, hawangeleta feza.

Basi njo hapa ninasimama: sababu ya wema ni ya watu wote, kwa sababu ni mutu mwingine anayeumia ao anayepona. Nguvu ya kuutenda, kila mutu anaichota ku kisima chake. Mumoja anaichota ku sala. Mwingine ku maneno ya mama yake. Mwingine ku haya ya kuangalia wenzake usoni kesho. Mwingine ku hasira, kwa sababu aliona mutoto akifa mu hospitali juu ya kukosa dawa ya bei ndogo. Kisima cha sala kimechimbwa ndefu, na maji yake yamenywesha wengi. Lakini siyo kisima kimoja mu kijiji.

Mutaniambia: sawa, tupatie mufano wa mutu wa kwetu aliyechota pengine. Nitawapa mumoja, na ni mutoto wa Katanga.

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa 1941 ku Likasi, wakati ikiitwa Jadotville. Alikuwa kijana wa dini sana, akaingia monasteri ya Wabenediktini kule Rwanda. Kisha akaondoka, na katika maandishi yake alijieleza kama mutu asiyeweza kusema Mungu yuko ao hayuko. Akawa mwalimu hapa hapa ku UNILU, akaandika vitabu ambavyo leo vinasomwa dunia nzima. Karibu 1980, Mobutu alitaka kumuweka mu Komite Kuu ya MPR. Munajua maana yake? Gari, nyumba, feza, na jina ku redio. Wakati ule wengi waliosali kila Jumapili walikuwa wanapiga makofi na kucheza mbele ya picha ya Mobutu. Yeye hakuichukua nafasi. Aliacha chuo, aliacha nchi, akaenda Marekani kuanza upya. Alikufa huko mu mwezi wa ine 2025, mbali na udongo wa Likasi.

Simufanyi mutakatifu. Kukataa kiti siyo sawa na kutoa damu kama Floribert. Lakini mutu akisema "haiwezekani, asiye na imani atauzwa tu siku bei itakapopanda", mufano mumoja unatosha kuangusha neno "haiwezekani". Bei ilipanda, na hakuuzwa.

Sasa nijibu maneno mawili makubwa niliyoyasikia tangu kikao kilichopita. Niliyasikia ku soko, ku basi, na mu jumbe za simu. Ni maneno mazito, sitayapita juu juu.

La kwanza: "Kama haogopi Mungu, usiku nani anamuona?" Yaani, mutunza feza akibaki peke yake na mufuko, ni nini kitamuzuia?

Bandugu, mimi pia niko mu hii mji. Kisha kupata diploma nilienda mu biro moja kutafuta karatasi. Juu ya meza kulikuwa Biblia, imefunguliwa, na mistari mingine imepigwa rangi. Chini ya meza kulikuwa mukono unaongoja matabishi. Sisemi yule baba hakuamini. Pengine aliamini kweli na alisali kwa machozi. Ninasema tu kwamba imani yake na mukono wake vilikuwa vinaishi mu nyumba mbili. Nchi yetu ni moja ya nchi zinazosali sana mu dunia. Kama woga wa Mungu peke yake ungetosha kulinda feza, barabara zetu zingekuwa na lami, na hospitali zetu zingekuwa na vitanda.

Tena kuna hatari ingine. Mwizi wa akili anajua kwamba tunauliza "unasali wapi". Basi atajibu vizuri. Atakuja na jina la pasta wake, atafungua kikao kwa maombi marefu, na shiye tutafunga macho. Kifungu cha ine hakizuii mwizi kuingia. Kinamuonyesha nguo ya kuvaa.

La pili ni gumu zaidi: "Bila Mungu, kila mutu atajiandikia sheria yake. Nani atasema hii ni mbaya?"

Tuchukue jambo tunaloliona mu makomini yetu. Baba anapoteza kazi, mutoto mudogo anagonjwa, mambo ya nyumba yanaharibika. Wanaenda kuomba. Mutu anayejiita mutumishi anafunga macho, anafungua, anaelekeza kidole ku mutoto wa miaka saba: huyu njo mulozi, Mungu amenionyesha. Kuanzia siku ile mutoto anafungwa, anafungishwa njaa, kisha anajikuta barabarani. Munawaona usiku mu katikati ya mji. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inamuazibu kwa kifungo mutu anayemushitaki mutoto ulozi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza jambo hilo pia.

Sasa mumuangalie mama mumoja mu ile kanisa. Anasimama, anamushika mutoto mukono, anasema: "Hapana. Mungu hawezi kutaka hivi." Anatoka. Mama yule amefanya nini? Ameambiwa kwamba Mungu amesema, na amepima yale maneno. Ameyapima na nini? Na kitu kilichokuwa ndani yake mbele mutumishi hajafungua kinywa: kwamba hauwezi kutesa mutoto. Mutaniita kitu kile zamiri, mutakiita sauti ya Mungu ndani ya mutu, mutakiita akili. Jina lake halinisumbui leo. Ninachosema ni kwamba bila kitu kile, hata muamini hawezi kujua ni sauti gani inatoka kwa Mungu na ni sauti gani inatoka kwa mutapeli. Na kitu kile hakikugawiwa ku mulango wa kanisa.

Watu wa zamani kule Ugiriki walishagongana na swali hilo. Sokrates aliuliza: jambo ni zuri kwa sababu miungu wanalipenda, ao wanalipenda kwa sababu ni zuri? Yule mama wa Lubumbashi hakusoma ile kitabu. Alijibu kwa miguu yake.

Na ili niwe wa haki: watoto wale wanaofukuzwa, wamoja wanapokelewa na Wasalesiani wa Don Bosco mu nyumba ya Bakanja, hapa hapa mu mji. Kwa jina la Mungu mumoja, mumoja anamutupa mutoto barabarani, mwingine anamuokota. Basi jina peke yake halitoshi kutuambia nani ni muzuri. Tunaangalia mutoto: yuko nje ao yuko ndani?

Niguse sasa jambo lenye kuuma. Nitaligusa polepole kwa sababu wamoja hapa wazazi wao walikuwa upande huu, na wamoja upande ule.

1992 na 1993, hapa Katanga, majirani walifukuza majirani. Watu wa asili ya Kasai, wengi walizaliwa hapa, waliitwa bilulu, kama wadudu. Makumi ya maelfu walilala ku stesheni ya Likasi wakingoja treni, baadaye vilevile ku Kolwezi. Watoto walikufa pale, wazee walikufa mu njia. Ilikuwa katika mji wa watu waliobatizwa. Aliyefukuza na aliyefukuzwa waliimba mu kwaya moja Jumapili iliyopita. Waliamini Mungu yule yule, na ile haikuzuia kintu.

Lakini wazee wetu wanasimulia pia habari za jirani aliyeficha jirani, aliyebeba mizigo yake usiku, aliyelinda nyumba yake mpaka arudi. Ukiwauliza bale juu ya nini walifanya vile, utapata majibu ya namna mbili. Mumoja atakuambia: "Yesu alisema tupendane." Mwingine atakuambia tu: "Alikuwa jirani yangu, batoto yetu banakula pamoja." Mutachagua lipi? Mimi siwezi. Aliyefichwa alipona kwa yote mawili.

Bandugu, kama imani ingekuwa kipimo, mwaka ule tungejua nani wa kuamini. Hatukujua. Tulijua siku mulango ulipogongwa, kwa kuona nani alifungua.

Sasa niseme kwa bale wanaosali, ambao njo wengi hapa. Hakuna anayewaomba muache sala yenu nje ya mulango. Tarehe 21 Januari 2018, kule Kinshasa, Thérèse Kapangala, dada wa miaka 24 aliyejiandaa kuingia utawa, aliuawa kwa risasi ku parokia ya Kintambo siku ya maandamano. Nchi hii imepata uchaguzi na damu ya watu kama yeye. Imani iliyomutoa nyumbani siku ile, tunaiinamia. Lakini hamuitaji kifungu cha kanuni ili imani yenu ionekane. Itaonekana siku mutakapokataa matabishi.

Na niseme kwa bale wasiosali. Nyinyi pia musidanganyike. Kuacha kanisa hakufanyi mutu kuwa mwenye akili ao mwenye moyo safi. Nimesikia vijana wetu wamoja wakiwacheka mama zao wanaokesha kuomba. Yule mama anayekesha njo aliuza makala na samaki ili wewe usome. Na kama wewe unasema wema hauna haja ya imani, basi deni lako ni kubwa: onyesha. Usichelewe ku kikao ukifikiri hakuna anayeona.

Sasa mapendekezo, kwa sababu hatukukuja hapa kuzungumuza tu.

Muangalie mama wa likelemba ku soko ya komini ya Kenya. Kila juma wanatoa feza, kila juma mumoja anabeba yote. Mu kikundi kimoja kuna Mukatolike, Muislamu, mama wa Branham, na pengine mumoja asiyeenda popote. Likelemba inasimama juu ya mambo matatu: kila mutu anatoa mbele ya wote, wote wanajua zamu ni ya nani, na anayekula feza ya wenzake anajulikana jua halijazama. Wale mama wanasali sana. Lakini hawaachii sala kazi ya daftari.

Kwa hiyo naomba tufute kifungu cha ine, na mahali pake tuandike hivi:

Moja, mutunza feza achaguliwe kwa kura, kwa kuangalia kazi aliyofanya mu kikundi kwa muda wa mwaka mumoja angalau.

Mbili, hakuna feza itakayotoka bila mikono miwili kuandika: wa mutunza feza na wa mwingine asiye wa familia yake wala wa kanisa yake.

Tatu, kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, franka kwa franka, na picha ya kurasa ziwekwe ku ukurasa wetu.

Ine, hakuna atakayeulizwa mu kikundi hiki anasali wapi, ili apewe kazi ao anyimwe kazi. Katiba, kifungu cha 1, inasema leta yetu siyo ya dini. Kifungu cha 22 kinampa kila mutu haki ya mawazo, ya zamiri na ya dini. Tunawaomba wakubwa waheshimu Katiba kila siku. Tutaanza kuivunja mu nyumba yetu wenyewe?

Swali la "usiku nani anaona" nimelijibu hapo, kama mulifuata. Anayeamini atasema Mungu anaona. Asiyeamini atasema zamiri yangu inaona. Na kikundi kitasema: vizuri sana, lakini shiye pia tutaangalia kesho asubui.

Nimalize na huyu mwenzetu aliyeinua mukono. Tangu kikao kile hajarudi. Nimemupigia simu, akaniambia anangoja matokeo. Ni yeye aliyeandika majina ya familia zote zilizoingiliwa na maji mu mvua iliyopita, nyumba kwa nyumba, magoti mu matope. Ni yeye aliyerudisha franka elfu kumi na tano zilizobaki ku feza ya usafiri, wakati hakuna aliyekuwa anazikumbuka. Wamoja wenu mulikuwa pale alipozitoa mu mufuko wake na kuziweka juu ya meza.

Leo tunapiga kura juu ya kifungu kimoja, lakini yeye atasikia tunapiga kura juu yake. Atakuwa na haki kusikia hivyo.

Karatasi ziko kwa dada pale mbele. Muandike "kifutwe" ao "kibaki". Tutahesabu mbele ya wote.



Nyongeza ya sekretarieti: kifungu cha ine kilifutwa siku ile ile. Mapendekezo yote ine yaliingia mu kanuni. Usomaji wa kwanza wa daftari utakuwa mwisho wa mwezi huu, na mulango uko wazi kwa kila mutu.